Kihamba ni cha ukoo, sasa mimi natoka na nini?

Mimi nina steshenari hapa Moshi mjini, nachapa, naprinti, natoa kopi, na wateja wangu wengi ni watu wenye kesi, kwahiyo habari za talaka zinapita mezani kwangu kila wakati. Sio wakili, niseme hilo mapema. Ila Sheria ya Ndoa ya 1971 nimeisoma mwenyewe maana nilichoka kuona wamama wanatoka kwenye nyumba walizojenga na begi la nguo tu, kisa wameambiwa hapa ni kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, hamna chako.

Naanza na hilo kwa sababu ndio linaumiza watu wengi huku kwetu, iwe Machame, Kibosho au Rombo. Ni kweli shamba ambalo mume alikatiwa na baba yake kabla hajaoa haliwi mali ya ndoa kwa sababu tu wewe uliolewa pale. Lakini kifungu cha 114 kinasema mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa nguvu zenu wote wawili wakati wa ndoa, mahakama inaweza kuigawa. Yaani kama mlianza na nyumba ya mbao mkajenga ya tofali, mkavuta maji, mkajenga banda la ng'ombe, hayo yote yanaongeleka hata kama udongo ni wa ukoo, na hakimu anaweza kuona ulipwe thamani ya mchango wako badala ya kukatiwa shamba. Wazee wa ukoo wakikwambia hamna chako usibishane nao, wao sio mahakama, we kusanya risiti za saruji na bati, picha za ujenzi, majina ya mafundi, kumbukumbu za vikoba kama hela ilitoka huko.

Alafu kuna lile la "mimi nilikuwa mama wa nyumbani tu". Hiyo "tu" iondoe dada yangu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kumtunza mume, ni mchango kwenye mali za ndoa. Watu wanaitaja sana hiyo kesi ila hawamalizii, kwamba Bi Hawa mwenyewe aliishia kukosa kwa sababu ilionekana mume alimpa hela ya kuanzisha mradi wa familia akaitumia vibaya. Kwahiyo usiende ukijua ni nusu kwa nusu moja kwa moja, hapana, mahakama inapima nani kachangia nini na inataka ushahidi.

Sasa utaratibu. Huwezi kuamka asubuhi ukaenda kufungua kesi ya talaka. Kwanza ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, mara nyingi ni pale kwenye kata, na Waislamu wana la BAKWATA. Wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati kwamba wameshindwa, na hiyo hati unapofungua kesi isiwe imepita miezi 6. Kuna watu wanakuja na barua ya mchungaji au muhtasari wa kikao cha ukoo wakidhani inatosha. Haitoshi, baraza lazima liwe linatambulika kisheria. Na kesi iliyofunguliwa bila hati inaweza kuja kufutwa hata kwenye rufaa wakati ushatumia hela na miaka, inauma sana hiyo. Zipo sababu za kuruka baraza, mfano mwenzako kakutelekeza na hujui alipo, au kaitwa barazani kakataa makusudi kuja, ila lazima uzieleze mahakamani. Na kama ndoa haijafika miaka 2 unaomba kwanza ruhusa ya mahakama.

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza talaka, hata ya ndoa ya kanisani. Kanisa linaweza lisiitambue talaka yako kwa taratibu zake, hilo ni jambo la imani na mimi naliheshimu, ila kwa serikali ndoa inakuwa imevunjika.

Kutengana sio talaka jamani. Mume yuko Arusha kwa mwanamke mwingine mwaka wa nane, wewe uko Himo unauza mahindi, bado ni mke wake na yeye bado ni mume wako, na kama ndoa yenu ni ya mke mmoja ile nyingine anayotaka kufunga ni batili.

Watoto, kwa kifupi, walio chini ya miaka 7 sheria inaanza na dhana kwamba wakae na mama, ila baba anaweza kuipinga kwa ushahidi, na kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Wakikaa kwa mama wajibu wa baba kuwatunza uko palepale.

La mwisho ni la haraka kuliko yote. Ukisikia nyumba mnayoishi inatafutiwa mteja kimyakimya, kifungu cha 59 kinakataza mmoja kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama ina hati nenda ofisi ya ardhi ukaweke kaveti, yaani zuio la kuizuia isiuzwe. Kama haina, andika barua kwa mwenyekiti na mtendaji, wagonge mhuri kwenye kopi yako, na hiyo kopi usiiache ndani ya hiyo nyumba, kaitunze kwa mama yako au kwa mtu unayemwamini.