Mahishasura wangu, wiki ya tatu: leo nimemtoboa macho

Uso wa barakoa yangu ya karatasi umebanduka kwenye kalibu ya udongo bila kuchanika! Nimefurahi mno, maana ule wa kwanza ulinikatisha tamaa.

Nafuata kazi ya mafundi wa Charida, kijiji cha wilaya ya Purulia, Bengal Magharibi, nchini India. Huko jamii ya Wasutradhar ndio watengenezaji wa barakoa za Chhau, ngoma ya maigizo ambamo Durga, mungu wa kike wa Kihindu, hupigana na Mahishasura, jini lenye umbo la nyati. Wacheza Chhau wa Mayurbhanj, katika jimbo la Odisha, hucheza uso wazi. Wa Purulia huvaa barakoa.

Kwanza nilifinyanga uso kwa udongo, nikaukausha, nikaupaka jivu lililochekechwa. Jivu hili usilifanyie haraka. Mara ya kwanza halikuingia vizuri kwenye mikunjo ya pua, karatasi ikashikana na udongo, na kazi ya siku nne ikaharibika. Safari hii nililipaka kwa brashi laini hadi pembeni mwa masikio. Kisha tabaka nane za karatasi laini iliyolowekwa kwenye gundi nyepesi, nikachonga masharubu na nyusi kwa udongo mbichi, nikafunika kwa vitambaa vilivyochovywa kwenye tope laini. Jua. Kusugua kwa kijiti. Jua tena.

Sasa macho. Barakoa hii ni ya ukutani, kwa hiyo ningeweza kuyachora tu. Sikutaka. Nilitoboa macho na pua, nikaivaa, nikaruka mara tatu sebuleni. Pumzi zilikata! Mchezaji wa Purulia hupinduka hewani akiwa na kitu kama hiki, tena na taji kubwa la shanga juu yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanatumia karatasi na si mti. Nikayapanua matundu ya pua.

Jirani ameshaomba nimuuzie, aliye na mgeni anayetaka zawadi. Nimemkatalia. Barakoa ya Chhau ya Purulia ina ulinzi wa alama ya kijiografia (haki ya jina la bidhaa inayotoka mahali maalumu) nchini India tangu 2018, na jina hilo ni mali ya wanaoishi kwa kazi hii. Anayetaka ya kununua, atafute ya Charida.

Kesho napaka nyeupe ya chini, halafu kijani kilichokolea. Shanga bado sijapata za kutosha.