Vitabu vyetu tunashona wenyewe

Mimi ni Mkamba, mume wangu ni Mturkana, na tunaishi Kitale kwenye ploti ambayo majirani wengi ni Wabukusu. Binti yetu alipoingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, Kiswahili kilikuwa cha kuchezea nje, Kiturkana cha nyanya yake, na Kiingereza cha homuweki. Nilishauriwa tuache Kiturkana kwanza, eti atachanganyikiwa. Nilikataa. Mwenye hadithi kwetu ni mama mkwe, na anazisimulia kwa Kiturkana. Yeye mwenyewe hajawahi kukaa darasani.

Jioni, githeri ikiwa jikoni, anasimulia kisa kimoja. Mtoto anachora. Namwuliza kwa Kiswahili, "Hapa kunaendaje?" kisha naandika jibu lake chini ya picha bila kulinyoosha: "Fisi amekimbia na nyama yote." Nakunja karatasi, nashona mgongoni kwa sindano na uzi mweusi, jalada nakata kwenye katoni ya sabuni. Kesho yake anamsomea nyanya, kidole kikifuata mstari. Nyanya herufi hazijui, lakini kisa ni chake. Mtoto akiruka kipande, anamshika mkono: sungura je, ameenda wapi? Binti hurudi kurasa kumtafuta. Mimi huwa nina haraka ya kufika mwisho, nyanya hana.

Herufi tulizitoa kwenye majina ya ukoo. Kwa Waturkana, majina mengi ya wanaume huanza kwa Lo au E, ya wanawake kwa Na au A, basi niliandika ya wajomba na mashangazi kwenye vikadi, mtoto akayapanga mafungu mawili. Akaanza kuitafuta "Na" hata kwenye pakiti ya unga.

Hadithi zaidi tunazipata bure kwenye African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto. Leseni yake inaruhusu kuchapisha na hata kutafsiri, na kuna za Ng'aturkana (yaani Kiturkana), Kikamba, Lubukusu na Kiswahili. Nachapisha saiba, kwenye duka la kompyuta, bila rangi. Rangi mtoto atatia. Za Lubukusu nawapa watoto wa jirani, na mama yao huwasomea mlangoni, sauti ikisikika ploti nzima.

Za Ng'aturkana ni zamu ya baba. Shuleni alifundishwa kusoma Kiswahili na Kiingereza tu, kwa hiyo lugha ya mama yake anaisoma kwa kukwama. Mama yake humrekebisha matamshi kutoka jikoni, na siku hizi binti naye humrekebisha.