Keri ya mwani: paipu ya breki ya nyuma

Jumatano, Konde, Pemba

Pedali imezama mpaka sakafuni nikikata kona ya kuingia nyumbani. Keri yangu, kigari kidogo cha mizigo, imesimama, lakini kwa kujivuta, kwa breki za mbele peke yake. Nashukuru mwani nilikuwa nishaushusha. Ningekuwa mteremkoni na mzigo, tungezungumza mengine. Kikopo cha mafuta ya breki, chumba kimoja kikavu kabisa. Ndiyo maana masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, ina njia mbili: ya nyuma ikipasuka, ya mbele inabaki.

Nimeingia chini na tochi. Paipu ya nyuma imerowa kuanzia katikati ya chesisi. Nje haionekani mbaya sana, ila chini ya klipu inayoishikilia imevimba magamba ya kutu. Nimekwaruza kidogo kwa kisu, kisu kimeingia.

Sababu naijua. Miaka mitatu keri hii inabeba mwani mbichi kutoka ufukweni Tumbe. Maji ya chumvi yanachuruzika kwenye nyufa za bodi, na klipu inayahifadhi kama kikombe. Mke wangu, ambaye mwani ni wake, kila siku ananambia nisuuze gari kwa maji ya kisima. Nilikuwa nasuuza. Bodi na milango, yaani panapoonekana.

Alhamisi

Nati hazifunguki. Spana namba 10 imekula kona za nati ya kwanza, nikaacha kabla sijaharibu zaidi. Maana paipu inatupwa, nimeikata palepale kwenye nati, nikavisha boksi la pembe sita. Imetoka kwa mlio mmoja. Ningefanya hivyo tangu asubuhi.

Jioni kapita Ami, fundi friji wa zamani.

"Mwanangu, unahangaika nini? Shaba ya friji ninayo, imebaki kipande kizima."

"Ahsante Ami, lakini kwenye breki naiogopa."

Hakupenda. Nikamweleza: ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo ndani ya paipu hupita mara 30 la upepo wa tairi, na shaba tupu ikitikiswa kila siku inakakamaa, kisha inapasuka. Tena mdomo wa paipu ya friji hukunjwa mara moja. Wa breki hukunjwa mara mbili, ukingo urudi ndani ndipo uhimili. Ami kanyamaza, kisha kasema basi nimletee hicho kifaa cha kukunjia mara mbili akione.

Nimeagiza Dar roli la shaba iliyochanganywa na nikeli, upana milimita 4.75. Kutu haliijui.

Jumanne

Roli limeshukia Mkoani, mita 7 na ushei. Kifaa cha kukunjia midomo nimeazima kwa fundi wa Chake Chake.

Urefu nimepima kwa taitai, kamba nyembamba za kufungia mwani, nikifuata kila kona ya paipu ya zamani. Kukata ni kwa kikatio cha duara, si msumeno, na makapi ya ndani lazima yasafishwe, maana chembe moja inaweza kukwama kwenye silinda. Mdomo wa kwanza umekwenda upande. Wa pili umepasuka. Wa tatu Ami kaushika mwenyewe, umetoka mzuri mpaka tumeusifu, kisha tukaiona nati imebaki mezani. Nati huvishwa kabla ya kukunja! Tumekata, tumeanza tena.

Jumatano

Kona nimezikunja kwa kuzungushia kopo la maziwa, mbali na ekzosi. Kila klipu nimeivisha kipande cha tyubu ya baiskeli. Mafuta ya DOT 3 nimenunua chupa mpya. Ya mwaka jana ilikuwa wazi, na mafuta haya hunywa unyevu wa hewa. Mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanywa maji hushuka mpaka karibu 140. Tone moja limeangukia bampa na rangi imeanza kulainika kabla sijapata maji ya kuoshea.

Kutoa upepo ulioingia kwenye paipu tumeanza na gurudumu la mbali, nyuma kushoto. Kijana wangu kwenye pedali, mimi chini na mpira mwembamba ndani ya chupa.

"Kanyaga! Shikilia! Usiachie mpaka nikwambie!"

"Baba, mguu unatetemeka!"

"Utetemeke hapohapo!"

Mapovu yamekwisha baada ya chupa kujaa mara mbili. Pedali imekuwa ngumu, juu. Nimeikanyaga dakika nzima, kisha nikapita kila kiungo na kitambaa kikavu. Kimoja kimelowa, kwenye tii ya nyuma, paipu inapogawanyika. Robo duru ya spana kimekauka. Nimejaribu uwanjani, kisha barabarani polepole, kisha mteremkoni bila mzigo. Inashika.

Paipu za mbele bado sijazifungulia klipu. Bamvua, maji yanapokupwa mbali, linaanza keshokutwa na mwani hausubiri.

Nilipotoka chini nimekuta ndoo mbili za maji ya kisima kando ya tairi la nyuma. Mke wangu alikuwa jikoni, hakusema kitu.