Jinsi nilivyoondoa mafuta yaliyokolea kwenye kitako cha shotigani ya zamani

Baba mkwe wangu, mwindaji wa bata hapa Minnesota, aliponikabidhi Remington 870 yake ya kipimo cha 12, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1950, kutu ya juu juu kwenye mtutu haikunisumbua: baada ya kuhakikisha kuwa haina risasi, niliisugua kwa mafuta mepesi na pamba ya chuma namba 0000, ile laini kabisa, ikatoka. Kazi ilikuwa kwenye kitako, ile sehemu ya mbao inayoegemezwa begani. Mbao ya mjozi ilikuwa nyeusi pale inapokutana na chuma, kwa sababu bunduki iliyosimamishwa kabatini miaka mingi, mtutu ukiwa juu, huteremsha mafuta yake mbaoni.

Nilianza kwa msasa, na hilo lilikuwa kosa, maana kila nilipoifikia mbao safi weusi ulipanda tena. Kilichofaa ni unga wa chaki uliokorogwa kwa asetoni hadi ukawa kama uji mzito, ambao niliupaka nje ya banda, mbali na moto wowote. Asetoni ilipokauka, unga ule mweupe uligeuka rangi ya chai kwa mafuta uliyoyanyonya, nami nikaukung'uta na kupaka upya, mara nne kwa jumla. Ubonyeo mmoja niliuinua kwa kitambaa kilicholowa maji na pasi ya moto. Kisha nilipaka mafuta ya kitani matabaka sita membamba, nikafunga mpira mnene zaidi nyuma ya kitako, kwa kuwa mikono yangu ni mirefu kuliko ya mzee.