Siku moja maishani mwangu: kumi na mmoja, na mmoja

Saa 11:45 alfajiri

Nyumba bado imelala. Nawasha taa ndogo ya pembeni tu, ile kubwa naiacha. Samaki hana kope, na ukimwashia mwanga mkali akiwa gizani anashtuka, anarukaruka, anajigonga kwenye kioo. Nawapa robo saa wazinduke.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi sebuleni, na sebuleni humo humo yamo matangi matatu ya samaki wa maji baridi. Jina hilo hunichekesha kila mara. Maji yasiyo na chumvi sisi tunayaita baridi, ilhali haya yangu yana nyuzi 25 mchana na usiku na hita inayalinda yasishuke.

Tangi kubwa ni la lita 200. Humo wanaishi neoni tetra, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka na wekundu tumboni kuelekea mkiani, pamoja na koridora sita wanaochokora mchanga kwa sharubu zao. Usiku neoni hupauka. Ukiwaona alfajiri unaweza kudhani wanaumwa, kumbe ndivyo walivyo: rangi hufifia wakilala, kisha hurudi taratibu. Nasubiri irudi, ndipo nihesabu.

Kumi na mmoja.

Nahesabu tena, maana neoni hawatulii na ni rahisi kumhesabu mmoja mara mbili au kumruka. Kumi na mmoja. Jana walikuwa kumi na wawili.

Saa 12:15 asubuhi

Wakati wa kulisha ndio wakati wangu wa kuwakagua. Samaki mgonjwa haji mezani, au anakuja akachukua chembe na kuitema. Nachukua chakula kiasi cha kubanwa na vidole viwili, nakinyunyiza kidogo kidogo, na macho yangu hayapo kwenye chakula. Yapo nyuma ya kundi, kwa wanaochelewa.

Hakuna aliyechelewa. Wamekuja kumi na mmoja, wamekula kwa fujo, chakula kimekwisha kabla ya dakika mbili. Wa kumi na mbili hakutokea.

Mtu asiyefuga anaweza kuuliza, samaki mwenye urefu wa sentimita tatu anakosesha mtu usingizi? Huyo mmoja simlilii. Nawahofia waliobaki. Akiwa amekufa chini ya mzizi uliomo tangini, anaoza, na kuoza kunatoa amonia, sumu kwa samaki. Halafu wenzake watamdonoa. Kuna ugonjwa unaowapata neoni hasa, unaletwa na kimelea kinachokaa ndani ya misuli, na njia mojawapo ya kuusambaza ni hiyo ya kula mzoga wa mwenzao. Kwa hiyo mzoga hauachwi tangini ati utajimaliza wenyewe.

Napiga magoti na tochi. Nyuma ya tangi, chini ya kabati, pembeni ya soketi. Samaki huruka, na kifuniko changu kina upenyo mahali zinapopita nyaya. Nimeokota pini mbili, kifungo cha shati na vumbi. Samaki hakuna. Nakagua pia mdomo wa filta unaonyonya maji. Niliuvalisha kipande cha sponji tangu zamani ili usivute mtu. Uko safi.

Saa 2:00

Cherehani. Nina gauni la kumalizia na suruali nne za kupunguza.

Zamani meza yangu ya kushonea iligusana na kabati la tangi. Kila nilipokanyaga pedali neoni walikimbilia kona ya mbali na kukaa huko wamejibana, nami nikawa nalaumu maji, nalaumu chakula. Samaki wanahisi mtikisiko kwa mwili mzima. Kuna mstari wa vihisio ubavuni mwao kwa kazi hiyo. Nilipohamishia meza ukuta wa pili, siku ya tatu walikuwa wanaogelea katikati kama kawaida. Wiki nzima nilikuwa nimepima maji, kumbe tatizo ni mguu wangu.

Saa 4:30

Nyuzi zimeniuma macho, naenda kupima maji. Navuta mililita tano kwa bomba la sindano, natia kwenye kichupa cha kioo, nadondosha matone ya dawa, natikisa, nasubiri dakika tano. Kipimo cha amonia kikibaki manjano, salama. Kikielekea kijani, kuna jambo. Nitriti ikibaki buluu ya angani ni nzuri, zambarau ni hatari. Ile ya nitrati ina chupa ya pili inayopaswa kutikiswa kwa nguvu hasa, kwani dawa hujikusanya chini. Usipotikisa utapata jibu zuri la uongo.

Amonia sifuri. Nitriti sifuri. Nitrati kama 20.

Nimepumua, ila nusu. Maji hayajachafuka, basi ama hajafa, ama ni mdogo mno kwa lita 200 kumwonyesha.

Kwa anayeanza, hizo namba tatu ndizo habari yote. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia inaunguza matamvua. Bakteria wa aina moja wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia mpaka tuiondoe kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Wameng'ang'ania kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga, kwenye kila kitu kigumu. Tangi jipya hawamo. Linahitaji wiki nne hadi sita wazaliane, na hapo ndipo wengi wanapoua samaki: wamenunua tangi asubuhi, jioni limejaa.

Mimi niliua kwa namna nyingine. Mwaka wangu wa kwanza niliona sponji ya filta ni chafu, rangi ya tope, nikaipeleka bombani nikaikamua mpaka ikawa nyeupe. Nilijisifu. Maji ya bomba yana klorini, imewekwa humo kuua bakteria, na iliwaua. Siku mbili baadaye samaki walikuwa juu wanahema. Tangu hapo sponji naisuuza kwenye ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, mara chache, na haitoki nyeupe. Ikitoka nyeupe nitajua nimekosea.

Saa 6:00 mchana

Taa ya tangi inawaka yenyewe kwa saa yake, itazimika saa 2 usiku. Saa nane zinatosha. Nilipokuwa naiacha iwake mpaka nalala, nilifuga mwani zaidi ya samaki.

Natafuta tena wa kumi na mbili. Bado kumi na mmoja.

Saa 7:15

Mapumziko, nayatumia mbele ya tangi la kati. Hawa ndio vipenzi vyangu na sioni haya kusema. Ni siklidi wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Jina lao la kitaalamu ni *Neolamprologus multifasciatus*. Dume mzima hafikii urefu wa kidole changu cha shahada. Ziwa lao lina maji magumu yenye alkali, kwa hiyo nimechanganya vipande vya matumbawe mchangani viyashikilie hivyo, na ndoo zao hazichanganyiki na za neoni.

Leo kuna mgogoro wa mpaka. Jike mmoja anahamisha mchanga kutoka mlangoni kwake. Anajaza mdomo, anaogelea sentimita kumi, anautema mlangoni kwa jirani. Jirani anatoka, anaubeba, anaurudisha. Wamefanya hivyo tangu nimekaa hapa. Nimeyahesabu makombe: ishirini na tatu, na samaki hawazidi kumi na watano. Nafasi ipo, ila wanalitaka lile lile.

Tangi la tatu ni la gapi. Gapi wamezaa tena. Nilianza na majike watatu bila dume hata mmoja, nikidhani nimepata ujanja, kumbe jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi na kuendelea kuzaa peke yake. Vifaranga wamejificha kwenye kishada cha mimea kilichoelea juu, maana mama yao akiwaona ni chakula.

Saa 9:30 alasiri

Mteja amekuja kujaribu gauni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hawa wanakua wakubwa kiasi gani?"

"Hawa? Ndio wameshakua, mama."

Ameinama, ameangalia neoni kwa muda mrefu. "Sasa utakula nini hapo?"

Nimecheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Bega la kushoto limekuwa pana, nimelirudisha kwa sentimita moja.

Saa 10:45

Leo ni siku ya kubadilisha maji ya tangi kubwa. Robo ya lita 200 ni lita 50, ndoo tano za lita kumi, na kila moja ni kilo kumi za maji ukiacha ndoo yenyewe. Mgongo unaijua hesabu hii. Ndoo zangu za samaki nimeziandika kwa rangi, na hazijawahi kuguswa na sabuni.

Kwanza nazima hita na kusubiri ipoe. Hita ya kioo ikiachwa wazi hewani inawaka, kisha ikapigwa na maji, inapasuka. Halafu mpira wa kunyonyea maji. Ndoo ya kwanza navuta maji ya juu, kisha natumbukiza ncha mchangani, maji yanashuka na uchafu wa wiki.

Ndoo ya tatu ilipojaa, maji yalikuwa yameshuka chini ya pindo la mzizi mkubwa, na mwanga ukaingia pale usipofika siku zote. Alikuwa pale, kati ya mzizi na hita, amesimama mahali pamoja, pezi za ubavuni tu zinapepea.

Yu hai.

Nimeuacha mpira, nimesogeza uso mpaka pua imegusa kioo. Chini ya pezi la mgongoni kuna doa limepauka, kama kitambaa kilichodondokewa dawa ya kupaushia: rangi haikufifia polepole, imeondoka na kuacha ukingo. Mstari wa buluu umekatika hapo. Mgongo haujapinda. Mdomo ni msafi, hakuna utando mweupe kama pamba. Anahema haraka kidogo kuliko wenzake.

Hapa ndipo watu hukimbilia jina. Doa lililopauka na kujitenga na kundi ni dalili za ule ugonjwa wa neoni niliousema asubuhi, na ule hauna tiba ya kutegemewa. Lakini kuna maradhi ya bakteria yanayofanana nao kabisa kwa macho, na hayo yana dawa. Yale ya bakteria kwa kawaida huenda mbio, suala la siku. Ule wa kimelea hujivuta. Kwa kumtazama leo tu sitajua ni lipi. Ila lolote liwalo, hakai na wenzake.

Saa 11:20 jioni

Nina tangi tupu la lita 20 juu ya kabati kwa ajili ya siku kama hii. Halina mchanga wala mapambo. Sponji yake huwa naiweka ndani ya filta ya tangi kubwa miezi yote, ina bakteria tayari. Nimelitia maji ya tangi lile lile alimotoka, yale niliyoyavuta kwenye ndoo ya kwanza kabla sijagusa mchanga, ili asishtuke.

Kumvua nimetumia kikombe, si kimia. Kimia kinakwaruza ute unaomlinda, naye kwa sasa anauhitaji wote. Nimekizamisha kikombe, nimekaa kimya. Mara ya kwanza alipita pembeni. Mara ya pili aliingia mwenyewe.

Kisha nikarudi kwenye ndoo zangu. Maji mapya yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Wapo wanaoyaacha wazi kwa siku nzima ili klorini iruke, na inaruka kweli, ila baadhi ya mitambo ya maji hutumia kloramini, na hiyo hairuki. Sipendi kubahatisha. Nimeyapima joto kwa kipimajoto, nimeyamimina juu ya kiganja yasichimbe mchanga. Hita nimeiwasha mwisho, maji yalipoipita.

Dawa ya bakteria ipo kabatini na sijaitia. Amehamishwa, amekimbizwa na kikombe, ametoka kwenye kundi. Nampa usiku mmoja kwenye maji safi. Asubuhi doa likiwa limetanuka au utando umetokea mdomoni, naanza. Mume wangu anasema ningeanza leo. Huenda ana haki.

Saa 1:10 usiku

Mwanangu amerudi kutoka kwa wenzake, ameona tangi dogo linawaka taa ya juu ya kabati.

"Mama, huyu kafanya nini?"

"Anaumwa."

"Sasa mbona umemfunga peke yake?"

Nimemweleza habari ya kuambukiza. Ameelewa kwa namna yake: amekwenda kuleta karatasi ya bluu, akaibandika nyuma ya kile kioo "asione ukuta." Nimeiacha. Isitoshe, samaki aliye kwenye tangi tupu lenye kioo pande zote hujihisi yuko wazi, na karatasi nyuma inamtuliza. Sikumwambia kwamba kapatia, angelibandika pande zote nne.

Saa 2:00 usiku

Taa ya tangi kubwa imezimika yenyewe. Nimeshona kwa taa ya cherehani mpaka suruali ya nne imekwisha, kisha nikachukua tochi na kuifunika kwa kipande cha khanga mwanga usiwe mkali.

"Wako wangapi?" mwanangu ameuliza kutoka chumbani.

"Kumi na mmoja huku."

"Na kule?"

Nimemulika tangi dogo. Yuko karibu na sponji, amepauka mwili mzima sasa, kama neoni wote wanavyopauka usiku, na kwa saa chache hizi doa lake halionekani.

"Mmoja," nimesema. "Lala."