Samaki mwenye funjo tumboni

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshakaa botini Naivasha, jaketi la kuelea limenibana shingo, kamera mapajani. Ziwa limetulia tuli. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka, lakini kwa saa ile ungedhani Wamaasai walitutania.

Tulipita katikati ya migunga iliyokufa, imesimama majini, myeupe kama mifupa, na minandi wamejipanga matawini wakianika mabawa. Nikapiga picha mfululizo. Nahodha akazima injini. "Dada, hapa tulikuwa tunatembea kwa miguu." Mwaka 2020 ziwa lilifurika, likameza mashamba na nyumba za watu. Nikashusha kamera. Halafu nikaiinua tena, sitadanganya.

Kisha akatoa samaki mdogo kwenye mfuko wa plastiki, akakata kipande cha funjo, akamsukumizia mdomoni hadi tumboni. "Asizame," akasema, kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga kamba ya kiatu. Akapiga mluzi, akamrusha. Furukombe akaacha kilele cha mti, akashuka bila haraka, kucha mbele, kichwa cheupe pe, akamnyakua. Picha ninayo, na ni nzuri mno. Nyumbani wote wataisifu hiyo hiyo, nami nitaona aibu kidogo, maana ni kama chapati ya kununua unayoiandalia wageni.

Crescent Island nilishuka nikatembea. Ile ni kingo ya kreta ya volkeno iliyozama, na kwa kuwa hakuna simba, unapishana na twiga kwa miguu kama majirani njiani. Ukingoni nikakuta mdiria, yule mweusi na mweupe, anapiga mabawa hewani pasipo kusogea, mdomo umeelekea chini. Akajitupa majini. Akatoka mtupu. Akapanda tena, akajitupa tena, patupu. Mara ya nne akaibuka na kitu kinachometameta, akaruka nacho hadi kwenye kisiki na kukipigapiga pale kabla ya kumeza. Hakuna aliyempigia mluzi. Kamera ilikuwa begani muda wote ule, na nilipoikumbuka kisiki kilikuwa kimebaki peke yake.

Upepo ukaanza kuvuma. Nahodha ananipungia mkono kutoka botini: "Dada, twende, maji yanaanza!"