Daftari la wamiliki manufaa: usiishie kwenye majina ya wanahisa

Msimu wa ufuta ukikaribia Lindi, na korosho ikijiandaa kufuata, kampuni ndogo za ununuzi huamka. Katibu anaingia ORS, mfumo wa usajili mtandaoni wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), kuweka mambo sawa, anakuta sehemu ya wamiliki manufaa iko tupu, ananakili majina ya wanahisa na kusonga mbele. Nusu ya matatizo ya baadaye huanzia hapo.

Mmiliki manufaa ni binadamu: yule ambaye mwisho wa yote ndiye anayeimiliki au kuidhibiti kampuni, iwe moja kwa moja au kupitia wengine. Kampuni nyingine haiwezi kujazwa hapo, wala "familia ya marehemu fulani". Takwa hili liliingia kwenye Sheria ya Kampuni, Sura ya 212, kupitia Sheria ya Fedha ya 2020, na kanuni zake zikatoka 2021. (AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, hazimo humu, zina sheria yao ya ushirika. Swali hili huulizwa sana Tandahimba na Newala.)

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ya Lindi ina hisa 1,000. Hisa 600 ni za kampuni ya Dar es Salaam, 400 ni za mama mmoja wa Nachingwea. Ile ya Dar es Salaam ni ya ndugu wawili, kaka 70%, mdogo wake 30%. Zidisha: kaka ana 42% ya kampuni ya Lindi, mdogo 18%, mama 40%. Lakini usiishie kwenye hesabu ya faida. Kaka ndiye mwenye kauli katika kampuni ya Dar es Salaam, kwa hiyo kura zote 600 ziko mkononi mwake. Akitaka mkurugenzi fulani aondoke, ataondoka. Katika maelezo yake andika yote mawili, 42% ya manufaa na 60% ya kura, na utaje kampuni anayopitia. Ukiandika 42% peke yake, msomaji ataona mtu mwenye hisa chache kuliko nusu, kumbe ndiye bosi.

Sasa tuseme mama yule anamshikia mwanawe hisa, kwa maneno tu, bila karatasi. Ukanda wetu mambo haya ni ya kawaida: shamba kwa jina la mjomba, boti kwa jina la shemeji. Sheria inataka hata makubaliano yasiyo rasmi yatajwe, kwa hiyo mwana anaingia daftarini. Mama anabaki kwenye daftari la wanahisa. Vivyo hivyo mfadhili wa mzigo: akikopesha tu na kusubiri alipwe, ni mdai. Akiweka sharti kwamba hakuna mkurugenzi anayeteuliwa bila idhini yake, soma mkataba upya, kwa sababu huo ni udhibiti.

Kwa kila mmoja unahitaji jina kamili na majina ya zamani, tarehe na mahali alipozaliwa, uraia, namba ya NIDA au pasipoti, simu, makazi, sanduku la posta, barua pepe, mahali pa kazi na cheo, aina ya maslahi yake, na kiapo au uthibitisho kama ni mtu mwenye wadhifa wa kisiasa au la. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachorukwa zaidi. Jibu likiwa "hapana", bado linaandikwa.

Majina ni kero ya peke yake. Saidi kwenye katiba ya kampuni, Said kwenye NIDA. Hamisi huku, Khamis kule. Fuata NIDA herufi kwa herufi, na kama hati za zamani zinatofautiana, andaa hati ya kiapo mapema kabla fomu haijarudishwa. Mwenye hisa akiwa kampuni ya nje, omba hati zake za usajili na orodha ya wanahisa wake, kisha panda ngazi hadi umfikie mtu. Hati hizo huchelewa kufika, usizisubirie mwezi wa mnada.

Mabadiliko ya wamiliki manufaa yanapelekwa kwa Msajili wa Kampuni, BRELA, ndani ya siku 30. Wengi husubiri taarifa ya mwaka, na hapo wameshachelewa. Kwa hisa zinazouzwa, anza na TRA, kodi na ushuru wa stempu vimalizike. Kwenye kifo, hisa hazihamii kwa warithi kwa kikao cha arobaini: mahakama imteue kwanza msimamizi wa mirathi, naye ndiye atakayesaini uhamisho, halafu daftari likae sawa kwa kila mrithi aliyepata fungu.

Daftari lenyewe likae kwenye ofisi iliyosajiliwa, si kwa mhasibu wa mjini. Mtu akitoka usimfute: weka tarehe ya kutoka, ambatisha hati iliyomtoa, kisha fungua mstari mpya chini yake.